Barua Niliyoahidi Kutoisoma

"Andika mwenyewe, mimi nitasaini."

Mwalimu wangu wa fizikia aliniambia hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, chaki mkono mmoja, rundo la madaftari ya kidato cha tano mkono wa pili. Hakusema kwa ukali wala kwa kificho. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni kituo cha daladala. Nilijibu, "Asante sana, mwalimu," nikaondoka na furaha yangu, nikiamini kwamba sehemu ngumu imekwisha.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita miezi mitano kabla, katika shule ya serikali ya bweni. Matokeo yalikuwa mazuri, na rafiki mmoja alikuwa amenionyesha kwamba kuna vyuo Marekani vinavyolipia masomo ya wanafunzi wa kigeni ambao wazazi wao hawana uwezo. Vilitaka mambo mengi: matokeo, insha, mtihani wa Kiingereza, taarifa za kipato cha nyumbani. Yote hayo niliweza kuhangaika nayo mwenyewe. Jambo moja tu halikuwa mikononi mwangu. Walitaka barua za walimu walionifundisha, waeleze mimi ni mtu wa namna gani.

Kwa wasioujua utaratibu huu, unakwenda hivi. Kuna mfumo wa maombi unaoitwa Common App. Ulianzishwa mwaka 1975 na vyuo binafsi 15 vya Marekani, na leo vyuo zaidi ya 1,000 vinautumia. Mwanafunzi anajaza sehemu zake, kisha anaandika barua pepe ya mwalimu wake, na mfumo unamtumia mwalimu fomu moja kwa moja. Ndani ya fomu kuna jedwali. Mwalimu anatakiwa kumlinganisha mwanafunzi na wenzake kwa mambo kama ubunifu, uadilifu na jinsi anavyopokea kushindwa. Safu zinaanzia "chini ya wastani" na kuishia "mmoja wa wachache bora niliowahi kukutana nao", yaani asilimia 1 ya juu. Baada ya jedwali ndipo inapokuja barua.

Mwalimu wangu hakuwa na barua pepe aliyokuwa akiitumia. Nilimfungulia moja kwenye kafe ya intaneti karibu na stendi, na nenosiri nikalitunga mimi. Kwa hiyo fomu ilipotumwa kwa mwalimu, ilitumwa kwangu.

Kabla ya hapo kulikuwa na kisanduku kimoja cha kuweka tiki. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974, inayojulikana kwa kifupi kama FERPA, inampa mwanafunzi wa chuo haki ya kuona kumbukumbu zake za elimu, zikiwemo barua zilizoandikwa kumhusu. Lakini anaweza kuiachia haki hiyo, na waombaji wengi hushauriwa waiachie. Hoja yake inaeleweka: mwalimu anayejua kwamba mwanafunzi hataisoma barua atasema kweli, na anayeipokea ataiamini zaidi. Niliweka tiki. Niliahidi, mbele ya sheria ya nchi ambayo sijawahi kukanyaga, kwamba sitaisoma barua niliyokuwa nimeiandika jana yake.

Kuiandika kulinichukua usiku mbili. Rasimu ya kwanza niliiandika kama ambavyo mwalimu angeiandika. Ilikuwa na mistari mitatu: mtajwa hapo juu ni mwanafunzi mwenye nidhamu, bidii na heshima; hajawahi kuwa na kesi yoyote ya utovu wa nidhamu; namwombea nafasi. Ndizo barua tunazozijua. Zinafanana na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, inayothibitisha kwamba wewe ni mkazi wa hapo na mwenyekiti anakufahamu. Zinafanana pia na ripoti za shule zilizokuwa zikipelekwa nyumbani, zenye herufi moja mbele ya neno "usafi", nyingine mbele ya "utii", nyingine mbele ya "uaminifu". Hakuna mzazi aliyewahi kuuliza A ya uaminifu ilipatikanaje.

Kisha nikasoma mifano mtandaoni. Barua za walimu wa Marekani zilikuwa na kurasa mbili. Zilianza na kisa. Zilikuwa na siku ya mvua, swali ambalo mwanafunzi aliuliza, mwalimu aliyebaki akifikiri njia nzima ya kurudi nyumbani. Nikaiangalia mistari yangu mitatu na kuona kwamba huko ingesomwa kama tusi. Kwetu mtu hasifiwi hivyo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mama yangu aliutumia msemo huo kila nilipoleta matokeo mazuri, kisha akanituma dukani. Kwake, kunyamaza ndiyo ilikuwa sifa. Lakini afisa udahili aliyeko Massachusetts angejuaje kwamba neno "mwenye nidhamu", likitoka kwa mwalimu wangu, lina uzito wa ukurasa mzima?

Basi nikatunga. Niliandika kwamba nilianzisha kikundi cha kujisomea fizikia chini ya mwembe, kikakua hadi watu 30. Kikundi kilikuwepo kweli, lakini tulikuwa watatu na hakuna aliyekianzisha. Niliandika kwamba siku moja nilimuuliza mwalimu swali ambalo hakuweza kulijibu, akakiri hivyo mbele ya darasa. Kwenye jedwali nilijiweka safu ya mwisho kila mahali, kisha nikarudi na kujipunguza mara mbili, ili ionekane kweli.

Mwalimu alisaini nakala niliyochapa steshenari. Hakuisoma. Nikaipiga picha, nikaipandisha kwenye mfumo. Machi nikapokelewa na chuo kimoja kidogo katika jimbo la Ohio, kwa ufadhili kamili.

*

Wengi wetu tuliopita njia hii tunayo majibu ya haraka, na mimi nilikuwa nayo. Darasani tulikuwa zaidi ya 60. Mwalimu alikuwa na vipindi kutwa nzima, zamu, na maabara yenye vifaa vya kugombania. Fomu ile ilimfikiria mwalimu mwingine, mwenye wanafunzi wachache, kompyuta mezani na saa mbili za ziada jioni. Hata Marekani kwenyewe mwalimu huyo hayuko kila mahali. Chama cha washauri wa shule cha huko kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na shule nyingi za umma hazifikii kiwango hicho. Barua ndefu na yenye visa vitamu inaonyesha, kabla ya kitu kingine chochote, kwamba mwandishi wake alikuwa na nafasi. Kwa hiyo nilijiambia kwamba sikudanganya. Nilisawazisha mzani ulioinamia upande mmoja.

Nilipofika chuoni nikapata jibu lingine, zuri zaidi. Jerome Karabel, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu udahili wa Harvard, Yale na Princeton, anaeleza vyuo hivyo vilivyofikia hatua ya kupima "tabia" ya mwombaji. Mwaka 1922 rais wa Harvard, Abbott Lawrence Lowell, alitaka idadi ya wanafunzi Wayahudi iwekewe kikomo, kwa sababu walikuwa wanafaulu mitihani na kuingia kwa wingi. Kikomo cha wazi kilipingwa. Miaka michache baadaye njia ya pembeni ikapatikana: mtihani pekee usitoshe, yaangaliwe pia mambo ya haiba na mwenendo, na hapo ndipo barua, picha na mahojiano yalipopata nguvu. Nilipoisoma historia hiyo nilifurahi kuliko inavyostahili. Kumbe mlango wenyewe ulijengwa ili kuwazuia watu. Nani ana haki ya kudai ukweli wangu hapo?

Lakini furaha ile haikudumu. Muhula wa tatu nilichukua somo la falsafa ya maadili, na tukasoma insha ya Kant ya mwaka 1797, ile anayodai kwamba hata muuaji akibisha hodi na kukuuliza rafiki yako amejificha wapi, huna haki ya kumdanganya. Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka. Mwalimu akatutaka tutoe mifano ya uongo usiomdhuru mtu. Nikainua mkono, kisha nikaushusha.

Niliushusha kwa sababu ya msichana mmoja wa mkondo wetu. Aliomba vyuo mwaka uleule. Mwalimu wake wa baiolojia naye alimwambia aandike mwenyewe, lakini yeye akakataa kwa adabu. Alisema, "Mwalimu, naomba uandike wewe, hata kama ni fupi." Akaandikiwa mistari mitatu. Hakupokelewa popote. Alisoma vizuri kunizidi. Sijui kama ni barua ndiyo iliyomwangusha. Vyuo hivyo vinakataa watu wengi sana, na havitoi sababu. Ila najua kwamba barua zetu mbili zilitoka shule moja, na inawezekana ziliwekwa kwenye meza moja, na yangu ilimfanya mwalimu wake aonekane kwamba hakuwa na la kusema. Noti bandia haimwibii aliyeichapa fedha halali benki peke yake. Inamwibia pia muuza nyanya aliyebaki na noti ya kweli, ambaye sasa kila mtu anaiinua juu na kuichunguza kwenye mwanga.

*

Kuna neno ambalo limenisaidia kulifikiri jambo hili. Kwenye wasifu wa kuombea kazi, majina yale matatu ya mwisho tunayaita wadhamini. Ndilo neno la mahakamani. Mshtakiwa akitaka dhamana anatafuta mdhamini, na mdhamini haambiwi aeleze mshtakiwa ni mtu wa namna gani. Anaulizwa ana nini: nyumba, kiwanja, kazi ya kudumu. Anaweka chake rehani. Mshtakiwa akitoroka, mdhamini ndiye anayebanwa.

Shahidi ni mtu mwingine. Shahidi haweki mali. Anaweka macho yake. Anasema: nilikuwepo, niliona hiki, sikuona kile.

Nadhani mwalimu wangu aliposema "andika mwenyewe, mimi nitasaini", alikuwa anajitoa kuwa mdhamini. Alikuwa anaweka jina lake, miaka yake kazini na muhuri wa shule nyuma ya kijana wa watu. Kwa maana hiyo hakuwa mvivu wala mwongo. Alikuwa mkarimu, na ukarimu huo ndio unaoendesha nusu ya mambo yetu. Mtoto wa jirani anapata kibarua kwa sababu mzee fulani amesema "huyu ni wangu". Hakuna anayemwombea mzee kurasa mbili.

Lakini chuo hakikuomba mdhamini, kiliomba shahidi. Na mimi nilichukua saini ya dhamana nikaibandika chini ya ushahidi wa kutunga. Kila mmoja wa wale wawili, mwalimu na afisa udahili, alitenda kwa nia njema kwa lugha yake. Aliyezijua lugha zote mbili ni mimi peke yangu, na mkalimani ndiye aliyedanganya.

Kwa miaka mingi nilidhani hapo ndipo deni langu linapoishia: niliwadanganya wageni matajiri, nikampita msichana aliyestahili, na nikalitumia jina la mwalimu. Sikujua kama kuna kitu nami nilikipoteza.

*

Niliporudi nyumbani, baada ya miaka sita, nilikwenda kumsalimu. Alikuwa amestaafu. Alikuwa anafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na aliniweka kwenye kiti cha plastiki kivulini wakati mkewe akileta chai.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mmarekani."

Tulizungumza juu ya bei ya chakula cha kuku, kisha nikajikaza na kumuuliza kama anaikumbuka ile barua.

"Ipi?"

"Uliyosaini. Niliandika mambo mengi ambayo hayakuwepo, mwalimu."

Akacheka. "Sikuisoma. Nisome ya nini? Nilikuwa nakujua."

Nilitaka kunyamaza, lakini nikamuuliza alikuwa ananijua vipi, maana darasani tulikuwa wengi na mimi sikuwa wa kwanza. Akaweka kikombe chini.

"Wewe si ndiye wa tisa nukta mbili?"

Sikumwelewa. Akanikumbusha. Kidato cha tano tulifanya jaribio la kutafuta mchapuko wa mvutano wa dunia. Unafunga kijiwe kwenye uzi, unakibembeza, unahesabu mibembeo 20, unapima muda, kisha unapiga hesabu. Jibu liko kwenye kila kitabu: 9.8. Darasa zima lilipata 9.8, wengine 9.81, na mwalimu alijua kabisa, kwa saa tulizokuwa nazo na nyuzi zile, kwamba haiwezekani. Walikuwa wameanza na jibu wakarudi nyuma kutunga vipimo. Daftari langu lilikuwa na 9.2. Nilikuwa nimerudia mara mbili, nimeandika vipimo vyote, na chini nikaandika kwamba sioni nilipokosea.

"Nikampelekea mwenzangu ofisini nikamwonyesha," alisema. "Nikamwambia, huyu atafika."

Niliikunywa chai yangu hadi ikaisha. Siku ile ya jaribio nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilipokuwa kwenye kafe ya intaneti nikijitungia mwembe na kikundi cha watu 30, mwalimu alikuwa nayo barua kamili kichwani, yenye kisa, tarehe na namba, barua ambayo afisa yeyote wa udahili angeikumbuka. Ilihusu uaminifu. Na sikuipata kwa sababu sikuiomba. Ningekaa naye nusu saa tu, nimuulize ananikumbuka kwa lipi, ningeandika mimi kwa mkono wangu na bado ingekuwa yake.

Tangu siku hiyo naona kwamba hasara kubwa ya kujiandikia barua ni kukosa kujua umeonekanaje. Mtu akiwa na miaka 19 anajijua kidogo sana. Anajua anachotaka kuonekana. Nilijisifu kwa uongozi, kwa shauku, kwa maswali magumu, yote yakiwa mavazi niliyoyaazima kwenye mifano ya mtandaoni, na katikati ya mavazi hayo nilimfunika mvulana wa 9.2, ambaye mtu mmoja mzima alikuwa amemwona na kumwamini. Kisha nikaenda kuishi miaka minne na wale waliomsoma yule mwingine. Kila profesa aliponisifu nilijiuliza anamsifu nani.

*

Sasa mimi ni mwalimu wa hisabati, kidato cha tano na cha sita. Kila Oktoba wanakuja. Nimejiwekea utaratibu: nina daftari dogo ambamo naandika kitu kimoja nilichokiona kwa mwanafunzi, kinapotokea, chenye tarehe. Nikiombwa barua, ninakaa na mwombaji, ninamsomea nilichonacho na kumweleza kwa ufupi nitakachosema. Kama hakimridhishi, yuko huru kutafuta mwalimu mwingine, na sitanuna. Kisha ninaandika mwenyewe. Nimegundua kwamba siwezi kuandika zaidi ya barua kumi kwa mwaka, na wanaoomba wanazidi hao. Wanaobaki ninawaambia mapema. Sijapata njia ya haki zaidi, na najua wengi wa ninaowakatalia wataambiwa na mtu mwingine, "Andika mwenyewe."

Mwaka huu, mwezi Desemba, alikuja msichana mmoja na flashi mkononi.

"Mwalimu, ili nisikusumbue, nimeshakuandikia. Ni kusaini tu."

Nikamrudishia flashi. Nikamweleza, labda kwa maneno mengi kuliko ilivyohitajika, kwamba barua inatakiwa itoke kwangu, iseme nilichokiona mimi. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akauliza, bila ujeuri wowote:

"Darasani tuko 64, mwalimu. Mimi unanijua kweli?"

Nilifungua daftari. Nilipekua kuanzia Julai ya mwaka uliopita, ukurasa kwa ukurasa, yeye akiwa amesimama pale. Jina lake halikuwemo hata mara moja.

Nilikuwa na njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kumwambia ukweli na kumwacha aende zake, nibaki na mikono misafi. Ya pili ni kuipokea ile flashi. Muda wa kutuma ulikuwa umebaki siku 19. Nilimwambia alete madaftari yake yote ya hisabati, hata yale ya zamani, hata yaliyochanika, na aje kesho baada ya vipindi, na keshokutwa. Nilimpa maswali, nikakaa kimya, nikamwangalia anavyofanya. Siku ya nne nikagundua kwamba huwa hafuti anapokosea. Anapiga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa, ili liendelee kusomeka, na anaanza upya chini yake. Kwenye madaftari ya miaka miwili ilikuwa hivyo, kila ukurasa, na mimi nilikuwa nimeyasahihisha yote bila kuona.

Barua niliyoandika haikufika ukurasa mmoja. Niliandika ndani yake kwamba nilimfundisha miaka miwili na kwamba nilichelewa kumjua. Kwenye jedwali sikumweka safu ya mwisho hata sehemu moja. Alipoondoka nilimwambia hivyo, kwa sababu nilimwahidi kumweleza. Alitikisa kichwa polepole, akasema, "Asante, mwalimu," na sikuweza kujua kama alimaanisha.

Majibu bado hayajatoka.